Asali ya Tembo: Riziki Njema ya Mnazi

Neno tembo limeharibika jina. Mwislamu akilisikia hukunja uso, na ni haki yake kuukunja, kwani kileo hicho kimevunja nyumba nyingi katika pwani yetu, kimewatoa watoto shuleni na kuwatia mama zao katika madeni. Walakini liko jambo moja ambalo limesahauliwa na wengi, hasa vijana. Kile kinachodondoka juu ya mnazi hakidondoki kikiwa kileo. Hudondoka maji matamu, safi, yasiyo na ubaya wowote. Nayo yakiwahiwa mapema na kupikwa motoni huwa asali nzito ya rangi ya kahawia, iitwayo asali ya tembo. Wazee wa pwani waliijua. Siku hizi asali na sukari ya namna hii hupikwa Indonesia na Ufilipino, ikapelekwa kuuzwa Ulaya na Marekani kwa bei ya juu, ilhali sisi wenye minazi mlangoni twaenda dukani kununua sukari kwa kilo.

Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili kwa urefu, kwa sababu liko swali ambalo halikosi kuulizwa katika baraza zetu. Mtu amerithi minazi ishirini kwa baba yake, Kilifi au Kwale, Tanga au Bagamoyo. Nazi anazoangua hazimtoshi. Anakuja mgema, anamwambia, "Nikodishe minazi yako, nitakulipa kila mwezi." Fedha zinaingia, ada ya skuli inalipwa, na mwenye shamba anajiliwaza akisema: "Mimi silinywi wala siliuzi. Nakodisha mti tu. Nina dhambi gani?" Swali hili si dogo, kwani chakula cha watoto kimo ndani yake. Wala halifai kujibiwa kwa kukemea peke yake. Anayemwambia mwenziwe aachie tawi, yampasa amwonyeshe na tawi jingine la kushika.

Kwanza tutazame sharia yasemaje. Katika Sura An-Nahl, kuanzia aya ya 66 hadi ya 69, Mwenyezi Mungu anatutajia vinywaji vitatu, kimoja baada ya kingine. Anataja maziwa, yanayotoka safi katika matumbo ya wanyama baina ya kinyesi na damu. Kisha anataja matunda ya mitende na mizabibu, ambayo wanadamu hujipatia kwayo ulevi na pia riziki njema. Mwisho anamtaja nyuki, na asali yake ambayo ndani yake mna ponyo kwa watu. Aya hizi ziliteremka Makka, kabla ya ulevi kuharimishwa waziwazi katika Sura Al-Maida. Lakini wafasiri wengi wameona kwamba hata hapo Makka ulevi ulikwisha tengwa na riziki njema: vitu viwili vimetoka katika tunda moja, na kimoja tu ndicho kilichopewa sifa ya wema. Basi mnazi wetu, ambao ni ndugu wa mtende, unao mlango huo huo wenye njia mbili.

Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikunywa maji yaliyorowekwa tende au zabibu. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba walikuwa wakiroweka asubuhi naye akanywa jioni, na wakiroweka jioni akanywa asubuhi. Na katika hadithi ya Ibn Abbas imo kwamba yakifika siku ya tatu hayakuwekwa tena. Yalitolewa au yakamwagwa. Hapa pana somo kubwa kwa mtu wa tembo. Kinywaji hakikuharimishwa kwa jina lake wala kwa mti wake. Kilipimwa kwa hali yake, na hali hubadilika kwa saa. Kadhalika Abu Musa al-Ashari alipopelekwa Yemen, aliuliza juu ya vinywaji vya huko vilivyotengenezwa kwa asali na kwa shayiri. Akajibiwa kwamba kila kileweshacho ni haramu. Kwa hiyo hakuna njia ya kusema kwamba tembo kali la mnazi lina hukumu nyepesi ati kwa kuwa halikukamuliwa katika zabibu.

Kisa kilicho karibu zaidi na habari yetu ni cha Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyekuwa khalifa kuanzia 634 hadi 644. Imam Malik amekipokea katika Muwatta. Umar alipofika Sham, wenyeji walimlalamikia maradhi na uzito wa nchi yao, wakasema hakuna kinachowafaa ila kinywaji chao. Akawaambia wanywe asali. Wakasema asali haiwafai. Ndipo mtu mmoja wa nchi ile akauliza kama wanaweza kumtengenezea, katika kinywaji hicho hicho, kitu kisicholevya. Umar akakubali. Wakaipika maji ya zabibu mpaka theluthi mbili zikaenda na mvuke, ikabaki theluthi moja. Umar akatia kidole chake, akakiinua, na ule uzito ukakifuata kidole ukinyumbuka. Akasema kinafanana na lami wanayopakwa ngamia, akawaruhusu wanywe. Ubada bin as-Samit hakuridhika. Alidhani Umar amehalalisha pombe. Umar akaapa kwamba sivyo, akamshuhudisha Mungu kuwa hawahalalishii watu alichokiharimisha Yeye, wala hawaharimishii alichokihalalisha.

Tunawaomba wasomaji wetu wakitazame vizuri kile kidole cha Sayyidna Umar. Hakuuliza kinywaji kinaitwaje. Alipima uzito wake. Na elimu ya leo yatwambia kwa nini uzito ni kipimo cha haki. Kinachogeuza utamu kuwa kileo ni hamira, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari na kutoa ulevi na povu. Vijidudu hivyo vyahitaji maji mengi ili viishi. Sukari ikizidi sana ndani ya maji, huvinyang'anya maji yao, navyo haviwezi kufanya kazi. Ndiyo sababu asali ya nyuki haichachi ikiwa nzito, na huchacha mara moja ikichanganywa na maji. Maji ya zabibu huwa na sukari kiasi cha sehemu 20 katika 100. Yakipikwa mpaka yakabaki theluthi, hufika kiasi cha 60. Tembo tamu la mnazi ni jepesi kidogo kuliko zabibu, aghalabu lina sehemu 12 hadi 18 katika 100. Kwa hiyo kulipika mpaka theluthi peke yake hakutoshi. Hilo litachacha tena ndani ya chupa. Yatakiwa lipikwe mpaka libaki sehemu moja katika sita hivi. Mwenye kulipika nusunusu akaliweka, atakuwa amefanya kazi ya mgema kwa mlango wa nyuma.

Sasa tuingie kazini.

Mnazi mzima hutoa karara jipya kila mwezi hivi. Karara ni lile ganda refu lililochongoka, ambalo ndani yake limo ua litakalozaa nazi. Mgema hulichagua karara lililokomaa ambalo bado halijapasuka, akalifunga kwa kamba za ukuti zizunguke mpaka karibu na ncha, lisije likafunguka. Kisha hulikata ncha kwa kotama yake, na kila siku hulivuta chini kidogo kidogo ili lielekee kwenye kibuyu. Siku za kwanza hakitoki kitu cha maana. Subira inatakiwa, na kila anapopanda, asubuhi na jioni, mgema hukata ubale mwembamba kama karatasi ili kidonda kisizibe. Hatimaye matone huanza, nayo yaweza kuendelea kwa mwezi mmoja au zaidi kutoka karara moja. Mnazi mzuri hutoa kiasi cha lita 1 hadi 2 kwa siku.

Kazi ya kupanda ni ya mgema na tunamwachia mgema. Hatupendi kijana asomaye makala haya atoke mbio kuukwea mnazi wa futi sitini. Watu wameanguka, wako waliokufa na wako waliobaki vitandani. Mnazi uliochongwa vipandio vizuri, kamba madhubuti, na kutopanda mvua inaponyesha wala shina likiwa na utelezi, ni mambo ambayo mwenye shamba anaweza kuyashurutisha, na mgema mwenye akili atamshukuru.

Kinachomhusu mwenye nyumba zaidi ni chombo. Tembo huanza kuchacha pale pale juu, tone linapogusa kibuyu, na kibuyu cha zamani cha mgema kina hamira ya miaka mingi katika vitundu vyake. Hata ukikiosha mara saba haitoki yote. Wagema wengine huacha makusudi masalio ya jana ili la leo liwahi kukolea. Hayo ni mazuri kwa kazi yao na ni sumu kwa kazi yetu. Kwa asali yatakiwa vyombo vya peke yake, ambavyo havijapata kutiwa tembo kali. Chombo cha chuma kisichoshika kutu ndicho bora, kwa kuwa kinaweza kumwagiwa maji ya moto yanayochemka kila siku. Kotama nayo ioshwe. Juu ya mdomo wa chombo pafungwe kitambaa chepesi, kwa kuwa nyuki na sisimizi hawangoji kukaribishwa.

Wapishi wa Indonesia na Sri Lanka wana hila nyingine, nayo si ngeni kwetu maana vifaa vyake vimo katika kisahani cha tambuu. Hupaka ndani ya chombo chokaa ya kuliwa iliyolainishwa na maji, kiasi kidogo tu. Chokaa huondoa ukali wa uchachu na kuchelewesha hamira, hata tembo la usiku kucha likafika asubuhi likiwa bado tamu. Ikizidi, asali huwa nyeusi na kuacha uchungu ulimini, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Basi mgema ashuke baada ya sala ya alfajiri, na moto uwe umekwisha washwa. Tunasema hivi kwa mkazo. Katika joto la pwani, tembo lililoachwa mpaka adhuhuri limekwisha anza safari yake, na likilala mpaka kesho huwa kileo kamili. Mama wa nyumba ataligunduaje? Asilionje kwanza, alitazame na kulinusa. Tembo tamu hutulia chomboni na harufu yake ni ya nazi changa. Likiwa na povu linalofanya kazi, viputo vikipanda kutoka chini, na harufu imepanda puani kama ya unga uliovundikwa, limekwisha geuka, nalo halitiwi sufuriani. Wenye kutaka hakika zaidi wanaweza kutumia zile karatasi za kupimia uchachu, zinazobadilika rangi. Tembo lililo tamu kabisa hukaribia 7 katika kipimo hicho, yaani halina uchachu. Tembo kali hushuka mpaka kiasi cha 4.

Hapa tuonye jambo moja. Wako wanaodhani kwamba hata tembo lililokwisha kuwa kali laweza kuokolewa kwa moto, kwa kuwa moto huondoa ulevi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, kileo cha majimaji kimekuwa najisi, na kupika hakukitoharishi. Sayyidna Umar aliruhusu kilichopikwa kabla hakijageuka. Saa ya kuwasha moto ndiyo inayohesabiwa.

Tembo lichujwe kwa kitambaa cheupe, limiminwe katika sufuria pana. Upana ni bora kuliko kina, kwa sababu mvuke hutoka juu, na sufuria pana hupika kwa nusu ya muda wa chungu kirefu. Moto mwanzoni uwe mkali. Muda si muda povu hupanda, chafu kidogo, nalo hukombwa kwa upawa. Povu likitaka kumwagika, hunyunyizwa chembe chache za nazi iliyokunwa, nalo hushuka papo hapo kama mtu aliyeitwa jina lake. Mafuta ya nazi ndiyo yanayolivunja.

Habari hii ya povu yatukumbusha ndugu zetu wanaoishi Kanada na kaskazini ya Marekani, ambako wako wasemaji wa Kiswahili wengi siku hizi. Huko nako hupikwa asali ya mti: miti ya mepo, ile ambayo jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada. Mwisho wa baridi kali, usiku maji yakiganda na mchana yakiyeyuka, shina hutobolewa tundu dogo, na maji matamu hudondoka ndani ya ndoo. Wenyeji wa asili wa nchi zile walikuwa wakiyachemsha zamani, kabla Wazungu hawajafika. Lakini maji hayo yana sukari kiasi cha sehemu 2 tu katika 100, na yatakiwa lita 40 ili kupata lita 1 ya asali! Wapishi wa huko wa zamani, ili kulituliza povu, walikuwa wakining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya sufuria, povu likipanda likayagusa likashuka. Siku hizi wako wanaotumia siagi au mafuta ya mimea. Basi Mwislamu wa huko anayeinunua asali hiyo kwa mkulima ana haki ya kuuliza kwa adabu povu lilivunjwa kwa nini. Na anayejipikia nyumbani amepumzika na swali. Ramadhani ya 2025, iliyoangukia mwezi wa Machi, ilikuwa katikati ya msimu wa kutoboa miti hiyo, na mwenye kupenda angeweza kufuturu kwa asali aliyoichemsha siku ile ile.

Tazama jinsi riziki zilivyogawanywa. Mepo umepewa sukari haba na baridi ya kuihifadhi. Mnazi umepewa sukari tele na joto la kuiharibu. Mpishi wa kule hulipa kwa kuni na sisi twalipa kwa haraka.

Hata hivyo kuni nasi twazihitaji. Kwa lita 6 za tembo tamu, au zaidi kidogo, utapata lita 1 ya asali. Maana yake lita 5 hivi za maji lazima ziondoke na mvuke. Mwenye kununua mkaa kwa kazi hii hataona faida. Lakini shamba la minazi lina kuni zake: makumbi, vifuu, makuti makavu na makarara yaliyokauka. Vifuu hasa vina moto mkali na wa kudumu. Kazi ifanyike uani penye hewa, wala si katika jiko dogo la ndani, kwa kuwa mvuke mtamu hunata kwenye kuta na kuita sisimizi wa mtaa mzima. Na watoto wakae mbali. Maji ya moto hutiririka yakaisha, asali ya moto hushikamana na ngozi na kuendelea kuunguza.

Methali yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika biashara ya asali methali hii hujikuta taabani, kwani sufuria haidanganyiki. Mgema akilitia maji, asali itatoka kidogo na kuni zitaisha, na mama atajua kabla ya saa sita mchana. Afadhali kumlipa mgema kwa asali inayopatikana kuliko kwa lita anazoshusha. Hapo naye atakuwa wa kwanza kuchunga chombo chake.

Kadiri tembo linavyopungua, moto nao upunguzwe. Viputo vilivyokuwa vikubwa na vyepesi huwa vidogo, vizito, vyenye kung'aa, na rangi hugeuka kutoka ya maji ya mchele kuwa ya dhahabu, kisha ya kahawia. Hapo upawa usitulie, maana dakika mbili za mazungumzo na jirani zaweza kuunguza kazi ya asubuhi nzima. Mwenye kipimajoto atazame kikifika nyuzi 105: maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 hapa pwani, na nyuzi 5 za ziada ni dalili kwamba sukari imezidi maji. Asiye nacho aangushe tone katika bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado. Likizama zima na kutulia chini, asali imeiva. Au afanye kama Sayyidna Umar, kwa kijiko, si kwa kidole: akiinua kijiko na asali ikanyumbuka kama uzi badala ya kudondoka kama maji, aitoe motoni.

Asali ichujwe tena ingali ya moto, imiminwe katika chupa za kioo zilizochemshwa na kukauka kabisa, zifungwe mara moja. Chupa yenye maji ndani huanzisha uchachu pale juu, na hapo yote tuliyoyakwepa hurudi. Ikitengenezwa vizuri hukaa miezi. Ikionekana kutoa povu baada ya kufunguliwa, haikuiva. Isipewe mtoto wala mgeni.

Anayetaka sukari guru badala ya asali, aendelee kupika mpaka nyuzi 115 au kupita kidogo, kisha aepue na kukoroga kwa nguvu mpaka ianze kuwa chembechembe. Katika Java huimimina ndani ya vifuu vilivyokatwa nusu, ikatoka na umbo la bakuli. Vifuu tunavyo.

Matumizi yake hatuna haja ya kuwafundisha mama zetu. Kaimati za futari zikiviringishwa ndani yake hazitaki shira nyingine, na uji wa mtama hupata ladha ambayo sukari nyeupe haiwezi kuitoa. Ila tuseme kweli kuhusu uvumi mmoja. Wauzaji wengine hudai kwamba sukari ya mnazi haina madhara kwa mwenye kisukari. Sehemu yake kubwa ni sukari ile ile iliyomo ndani ya miwa. Mgonjwa aihesabu kama sukari na amsikilize daktari wake.

Sasa turudi kwa mwenye minazi ishirini. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa katika darsa zetu kwa karne nyingi, ametaja miongoni mwa biashara zilizokatazwa kumwuzia tende mbivu au zabibu mtu atakayekamua pombe. Anayekodisha mnazi huku akijua kwamba kila tone litakwenda kwenye kilabu, hayuko mbali na muuza zabibu huyo. Neno "nakodisha mti tu" halimfunikii. Lakini haimlazimu kuufukuza mgema na kupoteza kipato. Abadilishe mkataba. Amwambie: "Nitakukodisha minazi sita. Utashusha alfajiri kwa vyombo vyangu, utaleta uani kwangu, nami nitakupa fungu lako la asali au la fedha." Minazi minne tu yenye kutoa lita moja na nusu kila mmoja yatosha kuleta lita 6 kwa siku, na lita 6 ni chupa ya lita moja ya asali kila asubuhi. Minazi iliyobaki iachwe izae nazi, kwa sababu karara lililogemwa halizai, na nyumba isiyo na nazi ya kukuna haikaliki.

Tusifiche kwamba kilabu hulipa kila jioni, na asali yataka kutafutiwa wanunuzi. Mwezi wa kwanza fedha zitakuwa kidogo. Wanawake wa mtaa mmoja wakiungana, wakawa na sufuria moja pana na zamu ya moto, mzigo hupungua. Na Ramadhani ndiyo wakati mwema wa kuanza, kila nyumba inapotafuta kitu kitamu. Vijana waliosoma wanaweza kusaidia kwa kuandika juu ya kila chupa tarehe ya kupikwa na shamba ilikotoka. Mnunuzi Mwislamu anayesoma neno tembo juu ya chupa atahitaji maelezo. Afadhali yawe yameandikwa hapo hapo kwamba lilipikwa likiwa tamu, asubuhi ya kushushwa.

Limebaki swali la tembo lililochelewa. Mgema amepata dharura, jua limepanda, povu limeanza. Kama lilishushwa kwa nia ya kuwa siki, wanazuoni wa Shafii wameruhusu liachwe chomboni lijigeuze lenyewe, pasipo kutiwa chumvi, mkate wala kitu chochote cha kuliharakisha. Likishapita ulevi na kuwa siki kamili, limetoharika na chombo chake. Madhehebu ya Hanafi ni mepesi zaidi katika jambo la kutia kitu. Mdomo wa chombo ufungwe kitambaa ili hewa iingie na nzi wasiingie, kiwekwe mahali pa kivuli ambapo watoto hawafiki, kwa wiki kadhaa. Siki ya mnazi iliyokomaa haina povu tena, harufu yake huchoma pua, nayo ndiyo itiwayo katika achari ya maembe na pilipili. Na kama nia haikuwa siki, limwagwe chini ya mnazi ulikotoka, na kesho mgema awahi.